Arobaini Sita za Bi Kibeti

Hapo kale, wanangu, kale ya kale hasa, msitu mzima ulibakiwa na gogo moja tu lililooza vizuri. Humo alikaa Dundu na jirani yake Bi Kibeti, mnyama mwenye mfuko tumboni. Kila mmoja alikuwa mtu mzima wa mwisho katika ukoo wake.

Siku moja ardhi ikatetemeka, ti, ti, ti. Tembo alifika akasema gogo linamzibia njia ya mtoni, atalikanyaga. Ila kwa huruma zake atambeba mmoja wao hadi ng'ambo.

"Huyu ana manyoya laini," akasema. "Wewe Dundu una nini?"

Dundu akageuka kutazama nyuma yake. Alikuwa na mayai kumi na tisa ndani ya gogo. Aliyahesabu alfajiri, akayahesabu tena. Yangehitaji miezi minane hadi watoto wapate mabawa.

Lakini Dundu alijua kwamba Tembo hakiuki mila: nyumba yenye mzazi haiguswi mpaka arobaini ziishe. Akamnong'oneza Bi Kibeti, ambaye mfukoni alikuwa na wanawe sita. Mfuko ukafunguka kidogo, kichwa kikachungulia.

"Mzee Tembo," akasema Dundu, "hapa pana mzazi. Mtoto katoka sasa hivi."

Tembo akarudi nyuma kwa adabu, akatoa hongera, akaenda zake. Siku ya arobaini, ti, ti, ti. Mtoto wa pili akachungulia.

"Tena?"

"Tena, baba. Na uzazi ni uzazi."

Ikawa hivyo kwa wa tatu, wa nne, wa tano. Kila mara Dundu aliamini leo Tembo ataukagua mfuko. Kiu ikamchosha Tembo. Akajipasulia njia nyingine, akiangusha miti huku na huku. Alipotoka wa sita, akauinamia mfuko kwa jicho moja.

"Humo wamebaki wangapi?"

"Hakuna, mzee," akasema Bi Kibeti.

"Basi arobaini hizi ndizo za mwisho. Njia ninayo, lakini gogo nilisema nitalikanyaga."

Siku mia mbili arobaini zikatimia. Tembo akalikanyaga gogo, kwaa! Lilikuwa tupu; wenyeji wote walikuwa wametoka alfajiri. Vrrr, watoto wa Dundu wakaruka kwenda kwenye miti aliyoiangusha Tembo mwenyewe, ambayo sasa ilikuwa imeanza kuoza. Dundu akahesabu: kumi na saba, kumi na nane. Akahesabu tena: kumi na nane. Wa kumi na tisa alikuwa ametua sikioni mwa Tembo.

Ukiulizwa nani aangamie, wewe au jirani yako, usichague: tafuteni muda pamoja.