Mlango wa Juu ya Dungu

Paukwa!

Pakawa!

Nyie wa nyuma sijawasikia. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa tuko pamoja.

Hapo kale, kale sana, palikuwa na kijiji cha vilima, na kila kaya ilikaa katika bonde lake. Watu wa hapo hawakupima ardhi kwa kamba wala kwa hatua. Mwenye kaya alisimama mlangoni pake, akatazama. Pale mgongo wa kilima ulipogusa mbingu, pale kwenye upeo wa macho yake, ndipo shamba lake lilipoishia. Ng'ambo ya hapo ni kwa jirani. Basi. Wala hawakugombana.

Katika bonde moja aliishi mjane, Nyamizi, na watoto wake watatu. Shamba lake lilikuwa dogo, lakini lilikuwa na chemchemi isiyokauka. Katika bonde la pili aliishi Shimbi, rafiki wa marehemu mumewe, mwenye ng'ombe wengi na kisima cha tope.

Kiangazi kimoja Nyamizi akasikia kishindo ng'ambo ya kilima. Ko! Ko! Ko! Siku ya kwanza, ko ko ko. Siku ya pili, ko ko ko. Siku ya tatu akainua macho, akaona dungu refu, jukwaa la miti la kulindia ndege, limechungulia juu ya kilima. Juu yake amesimama Shimbi.

Nyamizi akapaza sauti. "Shemeji! Unafukuza ndege gani, na mtama tumeshavuna?"

"Sifukuzi ndege, shemeji. Natazama chemchemi yangu!"

Nyamizi akacheka. Jioni hakucheka. Shimbi alikuja na vigingi begani.

"Desturi inasema mtu asimame mlangoni pake," akasema. "Nimeweka mlango juu ya dungu. Nimesimama hapo, nimeona mpaka kwako. Nakupa siku saba uhame."

"Mlango juu ya miti minne?"

"Unafunguka na unafungika. Nenda kauone."

Nyamizi akaenda kwa wazee wa baraza. Wazee wakakuna vichwa. Mlango ni mlango, wakasema. Ndipo akaenda kwa Bibi Kalunde, mfinyanzi, aliyekuwa mkubwa kuliko wazee wote. Akamkuta anakanda udongo.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona uso umekusinyaa?"

Nyamizi akaeleza yote. Bibi akasikiliza huku anakanda, pwata, pwata.

"Shimbi anakuona?"

"Ananiona hata nikikoroga uji."

"Na wewe, ukisimama mlangoni pako, unamwona?"

Nyamizi akafikiri kidogo. "Namwona, Bibi. Mpaka ndevu."

Bibi akanawa mikono. "Twende tukawaulize majirani."

Kwa Kasanda wakauliza, "Unaliona dungu?" "Naliona." Kwa Mbuke wakauliza, "Mnaliona?" "Tunaliona." Kaya tisa, jibu moja.

Kulipokucha wote wakaja chini ya dungu. Shimbi alikuwa juu tayari.

"Mmekuja kunipongeza?"

"Tumekuja kuchukua vyetu," akasema Bibi. "Kasanda, uliposimama mlangoni pako uliona nini?"

"Ngazi, Bibi."

Kasanda akaiondoa ngazi. Krrr!

"Wa kwa Mbuke?"

"Nguzo." Wakaanza kuzitikisa. Ngwi, ngwi, ngwi.

"Ngojeni! Mimi niko juu!"

"Nyamizi, wewe?"

"Mimi niliona mlango na mwanamume, Bibi. Mlango nitauchukua. Mwanamume sina pa kumweka."

Watu wakaangua kicheko. Shimbi akashika kingo za dungu. "Hii si haki! Nimelijenga mwenyewe!"

"Na chemchemi uliichimba wewe?" Bibi akauliza.

Jua likapanda. Watu wakakaa chini, wakasubiri. Jua likawa utosini.

"Kasanda, ndugu yangu, naomba ngazi."

"Maji ni ya nani?"

"Ya Nyamizi."

"Sikusikia."

"Ya Nyamizi!"

Ngazi ikarudi. Shimbi akashuka. Bibi akamshika mkono.

"Mwanangu, ulipopanda ulidhani shamba limekua. Uliokua ni upeo. Ukiwa bondeni, upeo uko karibu. Ukipanda, nao uko mbali. Ukiufuata, nao unasogea. Huo si mpaka wa mali, ni mpaka wa macho tu. Na akili nayo ina upeo wake. Wako uliishia kwenye maji, haukufika kwa watoto wanaoyanywa."

Shimbi akamgeukia Nyamizi. "Shemeji, ng'ombe wangu wana kiu."

"Wangapi?"

"Kumi na wanane."

"Walete tisa asubuhi, tisa jioni. Chemchemi nayo hupumzika."

Tangu siku hiyo, katika kijiji kile, mpaka hutazamwa na watu wawili, mmoja huku na mmoja kule, ndipo kigingi kipigwe. Nanyi wanangu, mkijaliwa kuona mbali, kumbukeni kuna wenzenu huko mnakotazama.

Hadithi yangu naitua hapa. Atakaye aibebe.