Maboksi Manne ya Shaba Tupu

Mbarouk, tajiri wa duka la vifaa vya umeme, alimuuzia fundi Tunu maboksi manne ya kebo za mtandao, eti za shaba tupu, kwa ajili ya zahanati. Tunu alipochuna kebo moja, akakuta alumini ya bei rahisi iliyopakwa shaba, akazirudisha dukani.

“Hiyo ni shaba tupu!” Mbarouk akafoka. “Sibadilishi.”

Kesho yake Tunu akaja na mama mmoja mpole. “Tajiri, huyu anataka maboksi ishirini ya alumini, dari yake haihimili uzito. Bahati mbaya, ya kwako ni shaba.”

“Nani kasema? Yote alumini! Hata yale manne niliyokuuzia!”

“Niandikie basi,” mama akasema. “Mume wangu mbishi.”

Mbarouk akaandika kwamba yote ni alumini, hata yale manne ya Tunu, akagonga muhuri wa duka. Mama akaikunja karatasi.

“Ahsante. Mimi ndiye mganga mkuu wa zahanati. Utatubadilishia, au niipeleke polisi?”