Nusu ya Kiapo cha Wasil

Jumatano moja, kabla ya adhana ya alasiri, mtia rangi aitwaye Bishr bin Rafi alifariki ndani ya nyumba ya walinzi katika mji wa Zarkun. Aliingizwa humo asubuhi ya siku hiyohiyo, mzima, akitembea kwa miguu yake. Hayo mawili hakuna aliyeyabishia. Yaliyobaki yote yalibishaniwa.

Habari yake tumeipokea kwa waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, nao walisimulia hivi.

Zarkun ulikuwa mji wa nguo. Watu wake walitia rangi ya nili na kuanika vitambaa katika nyua zilizokuwa nje ya ukuta wa mji. Mwaka ule vitambaa vikaanza kuibwa. Wafanyabiashara walimwendea liwali, liwali akamwita amiri wa walinzi, Jundub bin Harith, na Jundub akaahidi kwamba mwezi hautaandama kabla hajamtia mwizi mkononi. Bishr alikamatwa kwa sababu jora la hariri lilionekana nyumbani kwake. Alisema ni mali ya mteja, limeletwa litiwe rangi. Hakuaminiwa.

Alhamisi asubuhi mpiga mbiu alipita sokoni akatangaza: "Enyi watu wa Zarkun! Mwizi Bishr amefariki kwa homa. Kila mtu na alinde mali yake, na amshukuru Mola wake."

Mama wa marehemu, Bibi Rayta, naye alikuwa mtia rangi. Alipokabidhiwa maiti ya mwanawe aliifunua, akaitazama, akaifunika. Kisha akatoka hadi mbele ya msikiti, akawaambia watu kwamba mbavu za mwanawe zimegeuka rangi. Jibu la Jundub likawafikia kabla ya adhuhuri: mtia rangi hakosi madoa, na ile ni nili.

Bibi Rayta akainua mikono yake miwili. Ilikuwa ya buluu hadi viwikoni.

"Tazameni," alisema. "Tangu sijaolewa natumbukiza mikono pipani, na nili yangu inaishia hapa. Au mwanangu alikuwa akitia rangi kwa mbavu?"

Watu wakagawanyika. Mwenye duka la vitambaa alisimama kizingitini akasema kwa sauti, "Jundub akifungwa mikono, kesho tutaibiwa hata mikeka ya msikiti." Muuza siki aliyekuwa jirani yake akamjibu, "Wewe unahesabu vitambaa vyako. Mwenzio anazika mwana." Wakaendelea hivyo hadi wateja wakaondoka. Ndivyo ilivyokuwa katika kila baraza ya mji siku ile.

Wapo wanaoongeza hapa kwamba maiti ya Bishr ilitoa harufu ya miski. Habari hiyo haina msimulizi anayejulikana, nasi tumeiacha.

Miongoni mwa walinzi alikuwapo kijana aitwaye Wasil bin Numan. Alikuwa akifunga Jumatatu na Alhamisi, na yeye ndiye aliyewasalisha wenzake. Wazazi wake walifariki akiwa mdogo, Jundub akamchukua, akamlea kwa chakula chake mwenyewe, akamfundisha kazi, na mwisho akamwoza binti yake, Atika. Kwa hiyo Jundub alikuwa kwake mlezi, mkwe na mkubwa wa kazi. Tunalieleza hili ili msomaji aujue uzito wa yaliyofuata, na pia kwa sababu ni haki ya Jundub litajwe.

Jumatano ile zamu ya Wasil ilikuwa mlangoni. Alimsikia Jundub akimtaka Bishr akiri. Alimsikia Bishr akisema mali ni ya mteja. Kisha akasikia mpini wa mkuki. Bishr akaomba maji. Wasil akajaza kibuyu, akaingia nacho, na Jundub, bila kugeuka, akamwambia, "Mwache aseme kwanza." Wasil akakiweka kibuyu chini, karibu na mlango, akarudi mahali pake. Bishr hakuomba tena.

Adhana ilipotoka, Wasil aliwasalisha walinzi alasiri. Akapotea katika rakaa. Kutoka safu ya mbele sauti ikamkumbusha, "Subhanallah!" Ilikuwa sauti ya Jundub.

Bibi Rayta alipeleka shitaka lake kwa Kadhi Muhriz. Kadhi huyu alikuwa mtu wa maneno machache. Ijumaa, baada ya sala, alitangaza hukumu kwa madhehebu ya mji ule: mtu akikutwa ameuawa katika nyumba ya watu, na muuaji hajulikani, wenye nyumba wataapishwa. Viapo ni hamsini. Waliokuwamo siku ile ni kumi, basi kila mmoja ataapa mara tano, aseme: "Wallahi, sikumuua, wala simjui aliyemuua." Akawapa hadi Jumamosi asubuhi.

Jundub alimkuta Wasil katika zizi la farasi.

"Mwanangu, kesho tunaapa."

"Maneno ya kiapo umeyasikia, baba?"

"Nimeyasikia. 'Sikumuua.' Je, wewe ulimuua?"

"Sikumuua."

"Basi hukumuua."

"Kuna maneno ya pili."

"Hayo ya pili ni ya makadhi. Makadhi hupenda kurefusha." Jundub akacheka kidogo, kisha akaacha. "Nisikilize. Wezi wa mji huu wananiogopa mimi, hawamwogopi Muhriz na kilemba chake. Nikianguka mimi, wewe unadhani mji utalala? Na Atika atawatazama vipi wanawake wenzake kisimani?"

Wasil alikuwa ameshika brashi ya farasi, na farasi alikuwa ameshapigwa brashi.

"Nimekulea," Jundub alisema. "Sijawahi kukudai. Wala leo sikudai." Akaondoka.

Hiyo ndiyo ilikuwa shida ya Wasil, na waja wema wengi wamepata shida ya namna hii: nusu ya kwanza ya kiapo ilikuwa kweli tupu, angeweza kuapa popote. Nusu ya pili ilikuwa uongo. Na kati ya nusu hizo mbili alisimama mtu aliyemlisha.

Jumamosi, baada ya alfajiri, Atika alikuwa akikanda unga. Wasil alikaa kwenye kizingiti, hakuvaa viatu.

"Binti Jundub," alisema, "nikuulize jambo?"

"Ukiniita hivyo, najua ni jambo la baba."

Akamweleza yote, pamoja na kibuyu. Atika hakuacha kukanda. Alipomaliza kusikia, alikanda muda mrefu kuliko unga ulivyohitaji.

"Nilipokuwa mdogo," alisema, "nilivunja mtungi, nikaapa ni paka. Baba akaniketisha uani hadi jua likatua. Akaniambia mtungi atanunua mwingine, lakini jina la Mwenyezi Mungu nililolitia katika uongo hana pa kulinunua." Akajifuta macho kwa mgongo wa mkono, unga ukabaki shavuni. "Usiniulize niseme nini. Ni baba yangu. Ukisema, nitalia, na huenda nisikupikie leo. Lakini ukiapa uongo halafu ukatusalisha hapa nyumbani, mimi nitasimama vipi nyuma yako?"

Wasil akavaa viatu.

Ua wa mahakama ulijaa hadi nje. Kadhi aliwaita walinzi kwa vyeo, kuanzia wa chini. Wa kwanza, Qudama, aliapa mara tano kwa haraka, kama mtu anayekunywa dawa chungu. Wa pili akaapa, na wa tatu. Wanane waliapa. Bibi Rayta alikaa chini mbele yao, mikono yake mapajani, akimtazama kila mmoja usoni. Wengi walimtazama kadhi.

Wa tisa alikuwa Wasil.

"Wallahi," alisema, "sikumuua."

Akanyamaza.

"Malizia," Kadhi alimwambia.

"Siwezi, ewe Kadhi."

"Nini kinakuzuia?"

"Namjua."

Nyuma ya ua mtu mmoja akapaza sauti, "Ushukuru mkate wa mkweo!" Watu wakazomea, wengine wakimzomea yeye, wengine wakimzomea Wasil. Kadhi akangoja hadi wakatulia.

"Mtaje."

"Alimpiga Jundub bin Harith, kwa mpini wa mkuki, ili akiri. Nami nilikuwa mlangoni. Marehemu aliomba maji, nikayaleta, nikaambiwa nisimpe, nikayaweka chini. Hayo nayo niandikiwe mimi."

Jundub akatabasamu. "Ewe Kadhi, kijana huyu ana saumu nyingi. Njaa imempanda kichwani."

"Leo Jumamosi," Kadhi alijibu. "Hakufunga." Kisha akageukia watu. "Lakini shahidi mmoja hatoshi. Sheria haikufanywa kwa ajili ya mnayempenda wala mnayemchukia. Wasil, rudi mahali pako na usubiri."

Wasil akarudi. Alikuwa amepoteza mlezi, na huenda na mke, na ushuhuda wake ulikuwa haujaleta chochote. Akasubiri kama alivyoambiwa.

Aliyesimama ni Qudama, yule wa kwanza. Uso wake ulikuwa umelowa jasho.

"Ewe Kadhi, nirudishie viapo vyangu."

"Kiapo hakirudishwi. Kinalipiwa kafara. Una la kusema?"

"Aliyosema Wasil, nimeyaona. Nilikuwa dirishani. Nilidhani sote tutaapa, na dhambi tukigawana itakuwa ndogo."

"Na umeiona ndogo?"

"Sijaiona ndogo, ewe Kadhi."

Kadhi akamgeukia Jundub. "Zamu yako. Una haki ya kuapa kama wenzako."

Jundub akasimama. Alikuwa mtu mrefu, na watu wa mbele walirudi nyuma kidogo kwa mazoea. "Wallahi," alisema. Neno la pili halikuja. Alitazama upande wa wanawake. Iwapo Atika alikuwapo pale, hatujui, wasimulizi wamehitilafiana. Kisha akasema:

"Sikukusudia afe."

"Hujaulizwa kusudio," Kadhi alisema. "Umeulizwa kitendo."

"Nilimpiga. Mji ulitaka mwizi."

Hapo Bibi Rayta akanyanyuka. "Ewe Kadhi, hata kama mwanangu angekuwa mwizi, hukumu yake ingekuwa kwako wewe, mbele ya mashahidi. Tangu lini imehamia kwenye mpini?"

Yule mwenye duka la vitambaa alikuwapo, na inasemekana hakuinua macho.

Kadhi alihukumu kwamba Jundub alipe diya, fidia ya damu ya Bishr, auzuliwe uamiri, na afungwe hadi amalize kuilipa. Walioapa uongo walipe kafara na watubu. Akamuuliza Bibi Rayta kama ana ombi. Alikuwa nalo moja: mpiga mbiu aliyemtangaza mwanawe kuwa mwizi apite njia zilezile, kwa sauti ileile, aseme yaliyothibiti. Jumapili asubuhi mpiga mbiu akapita: "Enyi watu wa Zarkun! Bishr bin Rafi hakufa kwa homa. Alipigwa akiwa mikononi mwa walinzi. Wizi haukuthibiti juu yake." Alipofika mtaa wa watia rangi, Bibi Rayta alimwambia, "Rudia." Akarudia.

Ni nani aliyeiba vitambaa vya Zarkun, haikujulikana mwaka ule wala baada yake.

Ndugu zangu, wako watu hudhani uadilifu unawapunguzia walinzi nguvu. Mji ule ulijifunza kinyume chake. Aliyekabidhiwa mtu amekabidhiwa amana, na amana haimuulizi mwenye kuishika kama anaipenda. Na wala msiseme Wasil alikuwa jasiri tangu mwanzo. Jumatano aliweka kibuyu chini. Mwenyezi Mungu alimpa siku nyingine, naye akaitumia. Nasi tuombe kutumia zetu.

Atika hakumpikia mumewe Jumamosi ile. Jumapili alimpikia, na chakula kingine akakifunga kitambaani, akampelekea baba yake.

Jundub alifungwa katika nyumba ileile ya walinzi. Jumatatu asubuhi walikuja vijana watatu wa mtaa wa watia rangi, wakamtaka mlinzi wa mlangoni awaache waingie kwa muda mfupi tu, naye atazame upande mwingine. Mlinzi alikuwa Wasil, naye alikuwa amefunga. Akawaambia, "Hukumu imeshatoka, na hilo mnalolitaka halimo." Mmoja wao akamtukana mama yake. Wakaondoka.

Habari ya mwisho iliyothibiti ni ya adhuhuri ya siku hiyo. Jundub aliomba maji. Wasil akajaza kibuyu, akaingia nacho, akampa mkononi, akasimama hapo hadi alipomaliza kunywa.