Shibiri ya Fundi Vuai

Ilikuwa Jumatano, siku ya Arafa, saa tatu na robo asubuhi. Kale hiyo, wajukuu zangu, kale ambayo hata bibi yangu mimi aliikuta imeshapita. Msiniulize nani alikuwa na saa. Hakuna aliyekuwa nayo. Kivuli cha mnara wa msikiti kilikuwa kimefika kwenye kizingiti cha karakana ya Fundi Vuai, na kivuli kikifika hapo ni saa tatu na robo. Si saa tatu, wala si na nusu. Anayetaka kukohoa akohoe sasa. Nikisema kisa kinaanza, nanyi semeni kianze.

Kianze, basi.

Saa hiyo ndipo Mize binti Vuai alipofunga uzi wa mwisho kwenye gambusi. Akazungusha kigingi, akasikiliza, akazungusha tena. Kisha akapiga. Gambusi likasema brrr, kama nzi aliyenaswa ndani ya kibuyu.

Mize hakuelewa. Akapiga uzi wa pili. Brrr. Akapiga wa tatu. Brrr. Akaligeuza, akachungulia ngozi, imekaza vizuri. Akabonyeza kidaraja, kile kijiti kinachobeba nyuzi juu ya ngozi, kimesimama wima. Akapiga tena, na gambusi likamjibu lile lile.

Nyie mnacheka. Mize hakucheka, na sababu yake ni hii.

Huko Shangama, mji ambao leo huwezi kuuona hata ukiutafuta, kulikuwa na Mtaa wa Mafundi. Fundi akifa, nyumba yake hupewa muda mpaka Idd inayofuata. Asubuhi ya Idd, watu wakitoka kusali, mafundi wa mtaa, siku hizo mkubwa wao Fundi Machano, huja mlangoni kusikiliza. Chombo kilichotengenezwa na aliyebaki kikilia, zana hukaa pale pale. Kisipolia, zana hubebwa: tezo, patasi, randa, msumeno, vyote, na karakana hufungwa. Hapakuwa na ugomvi wala matusi. Zana haziachwi zipate kutu, basi.

Na Fundi Vuai alikuwa amekufa kwa homa. Na Idd ilikuwa kesho.

Tena halikuwa gambusi la kawaida. Aliyeliagiza ni Bi Shuwena, mwimbaji aliyekuwa akiwaliza watu harusini tangu mama yake Mize hajavaa kanga. Uzeeni sauti yake ilishuka. Haikufa, sikilizeni vizuri, ilishuka, ikawa nzito kama ya mzee wa kiume, na hapakuwa na gambusi mjini la kuifuata huko chini. Akamwendea Vuai. "Nitengenezee lenye sauti kama yangu ya sasa," akamwambia. "Nimechoka kukimbizana na nyuzi za wasichana." Vuai akakubali. Nyuzi zitakuwa pacha, mbili mbili, za utumbo wa kondoo, nene. Akachonga shingo, akaitia kichwani nakshi ya ua la mlangilangi. Alipomaliza ua akalala, na hakuamka.

Tumbo la gambusi alilichonga Mize.

Mtauliza alijifunzia wapi, kwa kuwa wasichana hawakukalishwa karakanani. Alijifunzia nyuma ya pazia. Pazia lilitenga karakana na chumba cha ndani, na Mize alikaa upande wa pili miaka yote akisuka ukili, akimsikia baba yake akifundisha wanagenzi. Kila neno alilijua. Tumbo la sauti nzito, shibiri mbili na nyanda nne. Kidaraja, shibiri moja kutoka chini. Alivijua vipimo kama mnavyojua majina yenu. Hata gambusi dogo aliwahi kujitengenezea kwa siri, na lilikuwa likilia vizuri tu.

Basi sasa akachukua mkono wake, dole gumba huku, kidole cha mwisho kule, hiyo ndiyo shibiri, na upana wa kidole ndio wanda, akapima tumbo. Shibiri mbili na nyanda nne. Akapima tena. Shibiri mbili na nyanda nne. Akapima kidaraja. Sawa. Akapima mara ya tatu akitumaini amekosea, na hakuwa amekosea.

"Mama," akaita, "njoo unitazamie. Sijui kama mimi siko sawa au gambusi haliko sawa."

Mama yake, Bi Mboja, alikuwa amefunga saumu ya Arafa, na saumu haikuwahi kupatana naye. Akaja na upawa mkononi.

"Linasemaje?"

Mize akapiga.

"Hilo halilii," akasema Bi Mboja. "Hilo linakoroma. Kaza nyuzi."

"Nikikaza litalia juu, mama. Bi Shuwena anataka chini."

"Anayekuja kesho ni Machano, si Shuwena. Kaza."

Mize akakaza. Kigingi kimoja, kingine, kingine. Akapiga. Gambusi likalia, wajukuu zangu, likalia sauti nyororo ya juu mpaka Bi Mboja akaushusha upawa.

"Umeona," akasema. "Limepona."

Lakini Mize alizidi kuchanganyikiwa. Ukilegeza linakoroma, ukikaza linaimba, na kipimo ni kile kile. Kosa liko wapi, na kipimo ni sawa? Akili yake ilizunguka hapo kama kuku aliyefungwa kamba mguuni. Alihesabu tena alichokisikia nyuma ya pazia, neno kwa neno, asipate neno lililopungua.

Adhuhuri ikafika, na Bi Shuwena akaja kuulizia mali yake. Alikuwa mwanamke mkubwa, anayejaza mlango kabla hajabisha hodi.

"Shikamoo, Bi Shuwena."

"Marahaba, mwanangu. Mbona uso umekukunjamana hivyo? Njaa?"

Mize akamsikilizisha yote mawili, ya kulegeza na ya kukaza. Bi Shuwena akajaribu kuimba na ile ya juu. Sauti yake ikapanda kidogo, ikakwaruza, ikakatika. Akajifuta mdomo kwa ncha ya mtandio.

"Kipimo ni cha baba," akasema Mize, karibu kulia. "Shibiri mbili na nyanda nne. Nimepima mpaka mkono umekufa ganzi."

"Umepima kwa mkono gani?" akauliza Bi Mboja.

"Kwa mkono wangu."

Bi Mboja akautazama mkono wa binti yake. Akauchukua, akaukunjua kiganja, akaulinganisha na wa kwake.

"Marehemu nilimshonea mikono ya kanzu maisha yangu yote," akasema. "Mkono wake ukiutandaza unafunika sinia. Shibiri yake moja inatoka hapa." Akaweka kidole kwenye ukingo wa gambusi. "Mpaka hapa." Akaweka kingine, mbali, mbali sana, kupita Mize alipoishia yeye.

Mnaona, wajukuu? Wanagenzi walikuwa wakiutazama mkono wa Vuai. Kila mmoja aliweka mkono wake kando ya ule, akajua umepungua kiasi gani, akaongeza. Hilo halikusemwa kwa mdomo hata siku moja, kwa kuwa lilikuwa linaonekana. Na nyuma ya pazia halionekani. Gambusi lake dogo lilimdanganya Mize, maana lile lote, shingo na tumbo, lilikuwa la mkono mmoja. Hili lilikuwa na shingo ya mkono wa baba na tumbo la mkono wa binti. Uzi ulikuwa mfupi. Uzi mfupi ukiushusha unalegea, na ukilegea unagonga mti, brrr.

"Basi ongeza tumbo," akasema Bi Mboja.

"Tumbo ni gogo lililochongwa, mama. Halivutiki. Na gogo la mfenesi lilikuwa hilo moja tu."

Akalipapasa lile gogo kwa kiganja. Kisha Mize akasema, "Nataka kujua tu uzi ulitakiwa uwe mrefu kiasi gani. Nisipojua nitapata wazimu. Na mkono wa kupimia hatunao tena."

Akachukua ubao wa mninga uliokuwa umesimama ukutani, akapigilia misumari miwili, akavuta uzi kutoka huku mpaka huku, akachomeka kijiti chini yake. "Imba, Bi Shuwena. Usiimbe kwa bidii. Imba kama unamlaza mtoto."

Bi Shuwena akaimba chini, midomo imefumba. Mize akapiga uzi, akakisogeza kijiti, akaukaza uzi mpaka ulingane na ile sauti. Bado unagonga. Akakisogeza. Bado. Akakisogeza tena, akakaza tena, na ghafla uzi ukasimama, ukatetemeka wote bila kugusa mti, sauti ile ile ya Bi Shuwena, mpaka yeye mwenyewe akafumbua macho.

"Huyo ni mimi," akasema.

Mize akatia alama ya mkaa. Akalilaza gambusi kando ya ubao. Alama ilipita vigingi, ikalipita lile ua la mlangilangi, ikaenda mbele kiganja kizima. Dawa ilikuwa moja tu: shingo ndefu zaidi. Na ili shingo ndefu iingie, shingo ya Vuai itoke.

"Hapana," akasema Bi Mboja, kabla Mize hajasema kitu. "Hicho ndicho cha mwisho alichoshika. Kosa ni lako, unamkata yeye?"

Kosa lilikuwa la Mize kweli.

"Likaze, mwanangu," akasema Bi Shuwena. Alisema polepole, akitazama ubao badala ya kumtazama mtu. "Kesho liimbe juu, Machano aridhike, zana za baba yako zibaki. Mimi nimeshaimba vya kutosha."

Mama anasema usikate, na mwenye gambusi anasema usikate. Ingekuwa rahisi, si ndiyo? Mize alitandika mkeka, akakaa karibu na gambusi mpaka adhana ya magharibi, na kila alipoamua jambo, jambo la pili lilikuja likakaa juu yake. Akikaza, karakana inabaki, na ndani yake gambusi la mtu ambaye hawezi kulitumia. Akikata, shingo mpya haitawahi, na gambusi lisilo shingo halilii, na zana zinabebwa. Na shingo ile ilikuwa ya baba. Usinipe akili ya haraka, wewe unayenyoosha mkono. Nimekaa na jambo hili zaidi yako na bado linanitatiza. Alifuturu tende na maji tu, akalala nalo hivyo hivyo, limekazwa, tayari kwa Machano.

Asubuhi ya Idd takbiri zikasikika, watu wakasali, na mafundi wakaja na kanzu mpya, wananukia. Mbele yao Fundi Machano, mkubwa wa mtaa, na kwapani ana kikapu kitupu cha kubebea zana.

"Idd mubarak, binti Vuai."

"Idd mubarak, ami Machano. Shikamoo."

"Marahaba. Tumekuja kusikiliza."

Mize akalipakata gambusi. Bi Mboja alikuwa mlangoni, Bi Shuwena kando yake. Mize akaweka mkono juu ya nyuzi, ukakaa hapo kidogo, halafu badala ya kupiga akashika kigingi cha kwanza, akakilegeza. Uzi ukashuka, ukanywea. Akashika cha pili. Akashika cha tatu. Mafundi wakatazamana.

"Unafanya nini?" akauliza Machano.

"Hili si la sauti ya mwenyewe, ami. Tumbo nililikosea mimi. Nalitia shingo nyingine."

"Leo?"

"Naanza leo."

Machano akakuna kidevu. Hakuwa mtu mbaya. "Binti Vuai, likilia vyovyote linatosha. Ukilikata sasa, mimi sijasikia kitu. Nimekuja kusikiliza, sasa nisikilize nini?"

Mize akashusha msumeno ukutani.

"Sikiliza msumeno," akasema.

Akalilaza gambusi juu ya gogo la kazi, akaweka meno pale shingo inapoungana na tumbo. Mara ya kwanza msumeno ukateleza. Akaurudisha. Akavuta. Akavuta tena, na msumeno ukaingia, ukaanza kusema ule usemi wake, hrii, hraa, hrii, hraa, bila kukwama, bila kupinda. Fundi hahitaji kutazama ili ajue mti unakatwaje. Machano alifumba macho. Akasikiliza mpaka mwisho. Shingo ilipoachia, Bi Mboja aliidaka kwa kanga yake kabla haijagusa chini.

Machano akafumbua macho. Akakikunja kikapu mara mbili, akakiweka sakafuni, akakikalia.

"Endelea," akasema. "Idd ni ndefu."

Mize akauvuta ubao wa mninga, akautafuta ule mstari wa mkaa, akaanza kukata.

Funzo lake, wanangu: maneno unaweza kuyasikia nyuma ya pazia, lakini mkono sharti uuone. Na ukishauona kuwa si wako, tafuta kipimo kingine. Kama lipo funzo jingine humo, mimi bado sijalipata.

Kisa nimekitua. Kilichonyooka ondokeni nacho. Kilichopinda niachieni, nikipige randa.