Fundi Aliyeshangaa

“Kuna mwenye swali?” aliuliza mhandisi, binti mgeni aliyesimama kando ya gari la ajabu, chini ya turubai jeupe katikati ya uwanja wa mpira. Mafundi wote wa mji walikuwa wamekaa benchi la mbele, wamealikwa rasmi. Wote wakakunja mikono.

Sikilizeni kwa nini.

Mtu mmoja alikuwa na gereji kando ya reli, na wana wawili, Zabroni na Eliakimu. Aliwafundisha kazi yote, na juu ya kazi akawafundisha kanuni moja: fundi hashangai. Mteja akikufungulia boneti, hata ukikuta humo nyoka ametaga, kunja uso, tikisa kichwa, sema, “Kumbe ni hii tu.” Maana ukisema “Loo!” mteja anafunga boneti na kwenda kwa jirani. Mzee akafariki. Wanawe wakarithi gereji, kila mmoja upande wake wa ua, na kanuni ile ikawalisha. Msiicheke. Ilisomesha watoto, ilijenga nyumba za matofali ya kuchoma, na mafundi wote wa mji waliishi kwayo.

Ndipo wakaja wageni na lile gari. Hawakuja kuliuza, walisema ni kielelezo tu cha magari yatakayokuja. Halikuwa na usukani. Viti vyake vilitazamana kama vya sebuleni. Mhandisi alichukua msumari akalikwaruza ubavuni mbele ya watu wote, na ule mkwaruzo ukafifia taratibu, kama alama ya kidole juu ya unga unaoumuka. Kisha akaliamuru liondoke. Halikunguruma. Magurudumu yake yaligeuka yakaelekea upande, na gari zima likatembea kiubavu kama kaa, polepole, likapita kati ya nguzo za turubai bila kugusa hata moja. Ndani hamkuwa na mtu.

Wauza maji waliacha kuuza. Mama mmoja alijikuta amevua viatu, wala hakujua kwa nini. Na mafundi? Mafundi walikunja mikono. Ndani ya kila kifua moyo ulikuwa unaruka, maana kama kuna watu waliojua ugumu wa kulifanya bati litii, ni wao. Lakini nyuso zao zilibaki jiwe. “Bati ni bati tu,” alisema Zabroni, na benchi zima likacheka kwa faraja.

Eliakimu hakucheka. Alisimama bila kujua kwamba amesimama, akasema kwa sauti, “Mungu wangu!”

Uwanja mzima ukageuka. “Mmwagieni maji huyo!” alipiga kelele fundi wa rejeta. “Leo ndiyo kashuka mjini!” Zabroni akamvuta ovaroli. “Kaa chini, mdogo wangu. Unajiaibisha. Kesho nani atakuletea gari?”

Eliakimu hakukaa. Akamwambia mhandisi: “Dada, nimeona linavyotembea. Nionyeshe linavyougua.”

Mhandisi alikuwa amelizungusha gari lile miji mingi, amepigiwa makofi kote, wala hakuna aliyewahi kumwomba hilo. Akainua sakafu ya gari. Eliakimu akapiga magoti. Chini zililala betri, safu kwa safu, kama mikate kwenye tanuri, na kati yake zikapita nyaya nene za rangi ya chungwa. Nguvu ya kulikimbiza gari lile mlimani ilikuwa imelala pale, haipumui, haitoi moshi, haina hata joto la kukuonya. Mhandisi akamweleza: nyaya hizi zinaua. Kwanza chomoa kizibo hiki kinachokata umeme. Kisha ngoja, maana umeme hubaki humo kama moto uliojificha chini ya majivu. Eliakimu alikaa pale mpaka turubai likakunjwa, akiuliza, akisahau, akiuliza tena.

Aibu ile ilimgharimu. Walimwita Bwana Loo. Wateja wake wakahamia ng'ambo ya ua kwa Zabroni, wakisema, yule mdogo bado anajifunza. Upande wake wa gereji majani yakaota.

Sasa, mambo ya kesho hayaji kwetu chini ya turubai jeupe. Huja kama mtumba. Masika mawili matatu yalipopita, mama mmoja mwenye duka la dawa aliingia gerejini akiwa nyuma ya gari lake dogo, linasukumwa na vijana. Halikuwa na injini. Lilitembea kwa betri, na lilikuwa limetumika ng'ambo mpaka wenyewe wakalichoka. Lilikuwa limezima. Wakalisukuma upande wa Zabroni.

Zabroni akafungua boneti. Humo ndani hakukuta kitu hata kimoja alichokijua. Moyo wake ukamwambia, uliza. Lakini mama wa duka alikuwa amesimama mgongoni kwake, na wateja wengine walikuwa kwenye benchi wanatazama. Akakunja uso. “Kumbe ni hii tu,” alisema, akachukua plaizi, akaielekeza kwenye waya wa rangi ya chungwa.

“Kaka, usiguse!” Eliakimu alipiga kelele kutoka ng'ambo. “Huo unaua!”

Mkono ukasimama hewani. Upande mmoja jina alilojengewa na baba yake. Upande mwingine roho yake. Katikati neno dogo ambalo hajawahi kulitamka mbele ya mteja. Mafundi wa mji mzima wangekuwa wamesimama pale pamoja naye, mkono juu ya waya, wakiogopa neno kuliko kifo. Zabroni akaishusha plaizi.

“Mama,” alisema, “gari hili silijui.”

“Mimi mwenye gari ndiyo nalijua?” mama akamjibu. “Mwite huyo anayepiga kelele.”

Eliakimu akavuka ua, akainua sakafu ya gari, akachomoa kizibo, wakasimama kungoja umeme uishe. Na katika kungoja kule Zabroni aliinama, akazitazama zile betri zilizolala kimya, kwa muda mrefu, kama mtu anayetazama kaburi lililo wazi na mbingu kwa wakati mmoja. Kinywa chake kikafunguka. Hakukifunga.

Msiniambie kwamba kosa lilikuwa la Zabroni peke yake. Wageni walizunguka nchi nzima wakilichezesha gari lile mbele ya watu, na sakafu yake imefungwa. Ilibidi mtu apoteze heshima ndipo ifunguliwe. Kwa haki gani? Waya utakaoniua mimi, kwa nini nionyeshwe kwa kubahatisha? Kitu kikubwa namna ile wamekifanya watu, kwa mikono na akili, na watakaokihudumia ni watu. Anayewaletea maajabu wapige makofi tu anawaandalia mazishi, na anayekunja mikono asionekane mjinga anamsaidia kuchimba.

Nanyi mnaoagiza magari hayo, nawaomba jambo moja. Likishuka melini, kabla hujalipeleka harusini, lipitishe gerejini likiwa zima, umfungulie fundi, umwache atazame.