Tiki Moja ya Toleo la Pili

Kaeni. Hadithi hii haina wimbo wala kiitikio. Ina watu watatu, tiki moja, na mama mmoja ambaye mpaka leo hajui aiweke wapi. Mkiwa na jibu mtamsaidia.

Palikuwa na mahali kwenye mtandao ambapo watengenezaji programu hukutana. Walipaita Kijiwe. Aliyekwama huandika swali, wenzake humjibu. Kila swali hubandikwa lebo ya lugha ya kompyuta inayohusika na toleo lake, kwa sababu dawa ya toleo moja ni sumu kwa jingine. Swali likipata jawabu, mwenye swali huweka tiki ya kijani kwa aliyemfaa zaidi: aliyejibu, aliyerekebisha lebo, au aliyeleta jibu la zamani. Tiki ni moja, haikatwi vipande. Na swali likifikisha siku thelathini bila tiki, hufutwa pamoja na kila kilichoandikwa chini yake.

Hapo Kijiweni walikuwepo watatu.

Ghati wa Tarime alikuwa na jicho. Akiona lebo iliyokosewa, chakula hakipiti mpaka airekebishe.

Kombo wa Pemba alikuwa na vidole. Wewe hujamaliza kuuliza, yeye keshajibu.

Odera wa Ahero alikuwa na shingo ngumu. Mwaka juzi wakubwa wa Kijiwe walitaka lebo zote za lugha iitwayo Zumari ziunganishwe ziwe moja, maana Zumari ilishafika toleo la nne, na lebo ya toleo la pili ilikuwa na maswali kumi na tisa tu. Odera akakataa, akabishana nao miezi miwili. Wakamcheka, wakamwita mlinzi wa makaburi. Akawajibu, "Hata kaburi huandikwa jina." Lebo ikabaki.

Sasa mama. Anaitwa Nakiete, anashona sare za shule huko Usangi. Binti yake Namsifu alifariki mwezi wa tano kwa homa ya siku nne. Simu ya binti ilikuwa imeibwa kabla hata hajaugua, kwa hiyo sauti yake haikubaki popote ila kwenye kompyuta, ndani ya programu ya kurekodi aliyoiandika mwenyewe kwa Zumari. Rekodi zilikuwa saba. Hazikufunguka hata moja.

Juu ya kompyuta Namsifu alikuwa amebandika kikaratasi: *Zumari, toleo jipya*. Mama akaingia Kijiweni kwa jina la binti, kwa kuwa kompyuta ilikuwa bado inalikumbuka. Akauliza rekodi zinafunguliwaje, na kwenye lebo akachagua "toleo jipya", kama alivyosoma. Aliufuata mwandiko wa mwanawe. Kikaratasi kilikuwa na miaka mitano, na yeye hakujua kwamba kwenye kompyuta hata neno "jipya" huzeeka.

Jibu lilikuja kabla chai haijapoa.

"Namsifu! Ulipotelea wapi wewe? Hata salamu hatupati!" Ni Kombo huyo. Akampa hatua tatu, za toleo la nne, ya kwanza ikiwa kulipakua.

Mama akazifuata, rekodi moja baada ya nyingine. Lakini toleo la nne likifungua rekodi ya zamani, huiandika upya. Ya kwanza ikawa mvumo. Akadhani ndivyo inavyoanza, akaenda ya pili, ya tatu, ya nne. Kisha akaandika: "Nne zinavuma tu. Mimi si Namsifu, ni mama yake. Mwenyewe tulimzika Mei."



Wa kwanza kumjibu ni Ghati. "Mama, pole sana. Usiguse kitu kingine. Nipigie picha ya hiyo kompyuta, na programu iwe imefunguliwa." Picha ilipofika, akaikuza, akaangalia pembeni chini ambako hakuna anayeangalia. "Hili ni toleo la pili." Akabandua lebo, akabandika inayostahili. Bila jicho lake, rekodi tatu zilizosalia zingefuata njia ya zile nne.

Lebo ile ilikuwa na mfuasi mmoja tu, Odera, na kwake ndiko swali lilikokwenda. Akapekua yale maswali kumi na tisa, akatoa jibu la zamani lililoeleza namna toleo la pili linavyofungasha sauti, akalihamishia chini ya swali la mama. Bila shingo yake, jibu hilo lisingepatikana. Lingekuwa limezama kitambo katika maelfu ya toleo la nne.

Kombo akalichukua jibu hilo na hakuonekana siku tatu. Aliporudi alikuwa na mistari arobaini ya programu, inayosikiliza rekodi bila kuigusa. "Mama yangu, safari hii nimeijaribu kwangu mara sitini." Bila vidole vyake, jibu la zamani lingebaki maneno matupu.

Rekodi tatu zikafunguka. Moja ilikuwa kuku. Moja ilikuwa mlango. Ya mwisho, sekunde kumi na moja:

"Mama, punguza redio, narekodi."

"Ngoja wewe, nasikiliza matangazo ya vifo."

"Haya. Wamekutaja?"

Halafu kicheko cha Namsifu, halafu basi.

Mama aliwashukuru wote, akauliza tiki ampe nani. Hapo ndipo tabu ilipoanza, maana hakuna aliyeitaka.

"Mimi hapana," Ghati aliandika. "Ile lebo niliiona asubuhi ile ile, nikaitilia shaka. Nikasema ngoja nimalize kufua."

"Mimi ndiye niliyeua nne," akasema Kombo. "Apewe Odera."

"Msinisukumie mimi," akasema Odera. "Lebo ya 'toleo jipya' ndiyo iliyotakiwa kufutwa tangu zamani. Mpya ya lini, ya nani? Niligombania ya pili, hiyo nikaiacha itegee watu."

"Kumbe mlinzi wa makaburi na wewe unakosea," Kombo akamtania.

"Kombo, acha," Odera akajibu. "Mama Namsifu, nenda kasome jina lililo chini ya lile jibu la zamani."

Mama akaenda. Jina lilikuwa Namsifu.

"Katika yale maswali kumi na tisa," Odera akaendelea, "kumi na moja alijibu yeye. Kila aliyefika na toleo la pili, tukimwambia hiyo imekufa, nunua kompyuta nyingine, yeye alikuwa anamsaidia. Mnadhani nilikuwa nalinda lebo? Nilikuwa namlinda anayejibu."

Mama akaipeleka tiki kwenye jibu la binti yake, akabonyeza. Kompyuta ikamjibu: *Namsifu, huwezi kujipa tiki mwenyewe.*

Akabonyeza tena. Ikamjibu vilevile.

Leo ni siku ya ishirini na tisa. Nakiete ameshona kola sita tangu asubuhi, na kila akimaliza moja huenda kuangalia swali lake. Kesho, bila tiki, litafutwa, na jibu la Namsifu litakwenda nalo. Aliyeona lebo alichelewa. Aliyefungua tatu ndiye aliyezima nne. Aliyelinda mlango mmoja aliacha mwingine wazi. Na yule wa nne, aliyejibu kabla hajaulizwa, hapewi.

Je, ninyi mngeamua vipi? Semeni basi, kesho si mbali.