Visu vya Blandina

Wapendwa, kaeni vizuri. Wenye watoto wadogo wapakateni, maana leo naanza na visu, na sitaki mtoto yeyote akimbilie mlangoni.

Huko upande wa baridi, kwenye vilima vya Njombe, aliishi mzee mmoja mwenye bustani ya miche ya parachichi. Tumwite Mzee Mwinuka. Kazi yake ilikuwa kubebesha. Wenye mashamba mnaijua kazi hiyo. Unaotesha mche wa kienyeji, ule mgumu usioogopa baridi. Ukishakua unaukata juu, unaupasua kidogo, halafu unachukua kijiti cha parachichi la kisasa, unakichonga pande mbili kama kabari, unakipachika pale kwenye ufa na kufunga kwa nailoni. Miti miwili inakuwa mmoja. Lakini lazima uchonge kwa mkato mmoja ulionyooka. Mkato ukipindapinda, kijiti na mche havigusani vizuri, hewa inapita katikati, na kijiti kinakauka kikiwa kimesimama pale pale.

Sasa mtu wa kazi kama hiyo ungedhani anatumia kisu cha thamani kubwa. Hapana. Alitumia vile visu vidogo vya kukunja vinavyouzwa gulioni, vinavyotandazwa juu ya turubai katikati ya kufuli na tochi. Wengi wetu tunavidharau. Tunasema, hiki ni cha kukatia muwa tu, kesho kinakatika. Mzee alikuwa akiwajibu, "Rahisi si kibaya. Kibaya ni kibaya tu, hata kikiwa ghali."

Na alijua kuvichagua! Mngemwona siku ya gulio, mngecheka. Alichuchumaa mbele ya turubai na kuchukua kisu kimoja. Kwanza alikifungua kwa ukucha wa kidole gumba, polepole, amekisogeza sikioni kama mtu anayesikiliza redio yenye betri chovu. Springi ikilia mara moja, kah, alitikisa kichwa kwa kuridhika. Ikilia mara mbili, alikirudisha. Kisha alishika bapa kwa vidole viwili na kulisukuma huku na huku, aone kama linacheza pale linapokunjikia. Akakifunga, akapitisha kidole juu ya mpini kuona kama ncha imechomoza, kwa sababu kisu chenye ncha iliyochomoza kitakutoboa mfuko na paja pamoja. Mwisho alinyoa kipara kidogo kwenye vinyweleo vya mkono wake. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na viraka viraka kama shamba lililopaliliwa na mvivu.

Mke wake, Otilia, alikuwa amesimama nyuma yake na kikapu kichwani. "Baba Adela," alimwambia, "unanunua kisu au unaoa?"

"Mama Adela," alijibu bila kugeuka, "wewe nilikuchagua haraka haraka, nikabahatika. Sitaki kuijaribu bahati mara mbili."

Basi watu wote wakacheka, na Otilia akajifanya amekasirika, na maisha yakaendelea hivyo miaka na miaka. Watu walimletea visu vyao awapimie. Akisema kizuri, kilinunuliwa. Akisema kibovu, hakikuguswa tena. Mnaelewa neno la mtu wa namna hiyo lina uzito gani sokoni?

Aliyekuwa akiuza visu vile ni mama mmoja kijana aitwaye Blandina. Mume wake alikuwa mpasua mbao, anakaa milimani muda mrefu, na turubai lile ndilo lililolisha nyumba. Alimpenda mzee kama baba yake. Kila alipoleta mzigo mpya alivitenga visu vichache chini ya kanga, akisema hivi ni vya mzee, asivishike mtu kabla yake.

Ukafika msimu mmoja wa kubebesha, na miche ya mzee ikaanza kufa.

Si yote. Lakini ilikuwa mingi kuliko alivyowahi kuona. Alifungua nailoni akakuta kijiti kikavu kama njiti ya kiberiti. Akatazama mkato, akaona umepindapinda. Akasema, ni kisu hiki. Akaenda kwa Blandina.

"Binti, kisu chako kinacheza."

"Samahani baba. Chukua kingine."

Alichukua kingine, akaenda, miche ikafa. Akarudi. "Na hiki kinacheza." Akabadilishiwa. Akarudi tena. Blandina hakumbishia hata mara moja. Lakini mzee moyoni alianza kuwaka. Wateja walikuwa wanasubiri miche. Jina lake la miaka mingi lilikuwa linapukutika mbele ya macho yake, na kila mtu aliyepita bustanini alisema, "Mzee, mwaka huu vipi?" Mnajua swali hilo linavyochoma, hata likiulizwa kwa upendo?

Basi siku ya gulio, saa za mchana, watu wamejaa, mzee alisimama mbele ya lile turubai. Hakuchuchumaa. Alifungua kisu, akakinyanyua juu, akasema kwa sauti ambayo hata wauza samaki wakavu waliisikia:

"Jamani! Visu vya huyu binti ni takataka. Vyote vinacheza. Msitupe hela zenu hapa."

Alikitupa kisu kwenye turubai, akaondoka.

Nawauliza, baada ya hapo nani angenunua? Aliyekuwa ameshika kufuli mkononi alilirudisha taratibu kana kwamba na lenyewe linacheza. Gulio lililofuata Blandina alikaa mpaka jua linapinda hajafungua pochi. Lililofuata, hivyo hivyo.

Ndipo akafanya jambo ambalo sijui kama mimi au wewe tungelifanya. Alifunga visu vyake vyote ndani ya kanga, akapanda kilima mpaka nyumbani kwa mzee. Asubuhi, kweupe. Akapiga hodi.

"Kamwene, baba."

"Kamwene," mzee akajibu kwa ubaridi. Otilia akamletea mgeni kigoda, akaenda kusimama mlangoni.

Blandina akafungua kanga mezani. "Baba, sikuja kugombana. Nimekuja nijifunze. Chagua chochote hapo, unionyeshe ubovu uko wapi, ili nikienda kununua mjini nijue cha kukataa."

Mzee akalainika kidogo, maana alipenda kufundisha. Akachukua kisu kimoja, akakifungua, akamwonyesha bapa. "Tazama hapa. Unaona linavyocheza?"

Blandina akainama, akatazama. Akatazama kwa muda mrefu. Kweli bapa lilikuwa linacheza, ncha inakwenda huku, inarudi huku, kama mdudu aliyenaswa. Kisha macho ya Blandina yakashuka kwenye mpini, yakashuka tena kwenye vidole, yakafika kwenye kifundo cha mkono wa mzee. Yakaishia hapo.

Akajua.

Ndugu zangu, ngojeni kwanza. Mama huyu ana haki yote. Ametukanwa mbele ya gulio zima. Watoto wake wamekula ugali na chumvi kwa sababu ya mkono huu. Sasa ushahidi uko mbele ya pua yake. Ungekuwa wewe, ungesema nini? Semeni ukweli, tuko kanisani.

Blandina aliinua kichwa akasema, "Naona, baba. Ni kweli kinacheza. Nitavirudisha kwa wakala kule mjini."

Akaanza kuvikusanya visu vyake.

Hapo ndipo Otilia alishindwa kuvumilia. Alikuja kutoka mlangoni, akasema, "Hapana. Blandina, weka chini." Akakaa karibu na mumewe, akakichukua kile kisu taratibu kutoka mkononi mwake, akakishika mbele yao wote. Kisu kilitulia kama kimepigiliwa. Akasukuma bapa kwa kidole, halikusogea hata unywele. Kisha akakirudisha kiganjani mwa mzee, na ncha ikaanza tena, huku na huku, huku na huku.

"Baba Adela," akasema, "kisu hakichezi."

Mzee aliutazama mkono wake kama mtu anayetazama mgeni aliyeingia bila kubisha. Akajaribu kuukaza. Ukatetemeka zaidi. Akauweka juu ya goti, akaufunika kwa mwenzake, na yule mwenzake naye akaanza.

"Tangu lini?" akauliza.

"Muda."

"Na wewe ulijua?"

"Unadhani kwa nini siku hizi nakujazia kikombe nusu?" Otilia alisema. "Unadhani ni nani anayekufunga vifungo vya shati la Jumapili, akisingizia eti umeviruka? Nilikuwa nangoja uone mwenyewe, mume wangu. Sikutaka niwe mimi wa kukuambia. Na katika kungoja kwangu, mtoto wa watu amebeba mzigo usio wake."

Mzee alimgeukia Blandina. "Na wewe uliona. Sasa hivi, uliona."

"Niliona, baba."

"Mbona ulikubali kosa?"

Blandina akaona haya. Alishikashika pindo la kanga. "Kisu hakina moyo, baba," akasema. "Nikikisingizia, hakiumii."

Wapendwa, mzee yule alilia. Alilia kama watu wazima wanavyolia, bila sauti, pua ndiyo inayosema. Na Otilia akaishika ile mikono miwili akaifunga ndani ya yake, wakakaa hivyo, na Blandina akaenda jikoni kuchochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa, ili awaachie nafasi.

Siku ya gulio mzee alirudi. Alikwenda mahali pale pale, saa zile zile ambapo watu wamejaa, akasimama mbele ya turubai lile lisilo na mteja. Safari hii hakunyanyua kisu. Alinyanyua mkono mtupu.

"Jamani! Nilisema hapa kwamba visu vya binti huyu vinacheza. Njooni muone kinachocheza."

Akauacha mkono juu, unatetemeka mbele ya watu wote, mpaka hata wauza samaki wakasogea. Hakuna aliyecheka. Kisha akachuchumaa kwa shida, akamwomba Blandina amfungulie kisu kimoja karibu na sikio, akasikiliza. "Hiki ni kizuri," akasema. "Na hiki. Na hiki." Waliokuwa nyuma wakaanza kunyoosha hela.

Na bustani? Siku hizi Otilia ndiye anayekata. Mzee anakaa pembeni yake, anachagua vijiti, anagomba. "Polepole, mama, huchongi mwiko!" Mwaka wa kwanza waliua miche mingi pamoja. Wa pili mingi ikashika. Otilia anasema hajawahi kuongea na mumewe kiasi hicho tangu waoane, na kwamba nusu ya maneno yenyewe ni matusi ya mapenzi.

Haya. Sasa naona mnatikisa vichwa. Kila mmoja wenu amependa kuwa Blandina, na wachache wamependa kuwa Otilia. Nani kati yetu ni yule mzee? Mbona hakuna anayenyoosha mkono?

Mwalimu wa kwaya wa kwanza tulisema hafai. Tukaleta wa pili, naye hafai. Wa tatu tumeanza kumsema kwenye njia ya kisimani hata hajamaliza kufundisha wimbo mmoja. Mama, mkwe wako wa kwanza alikuwa mvivu, wa pili mchoyo, huyu wa sasa ana kiburi. Baba, kila fundi uliyemwita alikuibia, kila jirani uliyepakana naye alisogeza mpaka. Visu vyote vinacheza! Ndugu zangu, mtu akikuta kisu kimoja kinacheza, ni kisu. Akikuta vyote vinacheza, autazame mkono.

Sisemi hivi kukuaibisha. Kutetemeka si dhambi. Mzee hakutenda dhambi kwa kuzeeka, na wewe hukutenda dhambi kwa kuumizwa zamani mpaka moyo wako ukashindwa kutulia juu ya mtu. Mungu ameuona mkono wako siku nyingi. Hajakutangaza. Amekuwekea watu wanaokuvumilia kimya kimya, na leo pengine amechoka kuona wao ndio wanaolipa.

Lakini sikieni hili la mwisho, maana ndilo lililonileta hapa mbele. Sisi tunajua sana kuomba radhi. Tunamwita mtu pembeni, jikoni, nyuma ya kanisa, tunamwambia, yaishe ndugu yangu, na tunarudi nyumbani tumefurahi. Na yeye anarudi kwenye turubai lake, na bado hakuna mteja, kwa sababu tuliowaambia visu vyake ni takataka hawakuwepo jikoni.

Ulimsema kwenye kikao? Rudi kwenye kikao. Ulimsema kwenye kisima? Beba ndoo yako kesho, hata kama nyumbani maji yamejaa. Ulimsema kwenye kwaya? Haya, kwaya ndiyo hii, imekaa mbele yangu, na wote mpo.

Sitaendelea kuhubiri. Nakaa chini. Aliye na neno la kusema, asimame aseme, sisi tunasikiliza.